Mlango wa Ilinga

Jumatatu, 12 Januari

Ukuta tena. Nimeanza saa mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kilimani. Nimepima upande wa kaskazini kwa hatua. Arobaini na tatu. Mara ya mwisho zilikuwa arobaini na moja. Ama ukuta umerefuka ama miguu yangu imefupika. Nina miaka sitini na nne, jibu nalijua.

Afisa utamaduni wa wilaya anataka maelezo ya kibao. Maneno hamsini, yasizidi, kabla Machi haijaisha. Kibao kitasimama chini ya kilima, kando ya barabara, ili wapita njia wa kwenda Tunduma wajue juu kuna nini. Maneno hamsini kwa ngome ambayo hakuna anayejua umri wake! Ilinga, ndivyo wazee walivyoliita boma lenye ukuta, na kilima kikabaki na jina. Mawe na udongo. Mahali pengine ukuta unanifika kifuani, pengine ni tuta tu la nyasi. Nje yake handaki, limejaa magugu. Upande wa mashariki kuna pengo, ndipo palipokuwa na mlango. Ndani upepo hausikiki. Mtu unajikuta unaongea kwa sauti ya chini, kama umeingia nyumba yenye mgonjwa.

Miaka thelathini na moja nimewafundisha watoto wa kijiji hiki habari ya ukuta huu. Wavamizi walikuja, wazee wetu wakawapandisha watu wote, wakafunga mlango, wote wakapona. Nitaandika hivyo. Kesho.

Jumatano, 14 Januari

Sijaandika. Nimepalilia mahindi.

Nimekutana na Ezekia anatoka kupogoa kahawa. Kaniita mke wake wa akiba. Kaniuliza kama ukuta umeshajibu barua zangu. Nikamwambia avae shati, mbavu zake zinatisha ng'ombe. Kwangu mimi hilo ni jibu zuri sana. Kwa kawaida jibu hunijia nikishafika nyumbani.

Ezekia ni mtani. Kijiji chetu kina koo mbili, watu wa Mlimani na watu wa Bondeni. Sisi ni wa Mlimani. Tukifiwa, Bondeni ndio wachimba kaburi. Huja wakiimba vibaya makusudi, mmoja kavaa koti la marehemu na kuiga mwendo wake. Wakifika mlangoni husema, "Tumefika!" Sisi wa ndani tunabamiza mlango na kujibu, "Mmechelewa!" Wanabaki nje, wanalia kilio cha uongo, wanagonga, mpaka wao wachoke na sisi tuchoke. Ndipo tunafungua, na mazishi yanaanza. Wakifiwa wao, zamu ya kufungiwa ni yetu. Siku ya kumzika mume wangu, mimi mwenyewe ndiye niliyesukuma komeo. Nilicheka. Nisingecheka sijui ningekuwaje.

Kaka Yoram ndiye kiongozi wetu wa utani. Mimi siuwezi. Chaki imenikausha.

Jumamosi, 17 Januari

Nimekwenda kwa Bibi Yunis, mama yake Ezekia. Macho yamempungua, ulimi haujampungua. Nilitaka jina la mtu aliyejenga ukuta. Hilo halijui. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, akaendelea kuchambua, akanipa habari ya mlango badala yake.

Naandika kama alivyosema. Wavamizi walipotokea, moshi ulionekana bondeni kwanza. Watu wenye mashamba ya chini wakakimbia kupanda kilima, watoto mgongoni, wagonjwa mabegani. Walipofika juu, gogo lilikuwa limeshawekwa mlangoni. Wakasema, tumefika. Wa ndani wakajibu, mmechelewa. Hawakufungua.

Wa ndani ni sisi.

Bibi alicheka alipofika hapo. Alicheka! Nikafunga daftari. Akasema, "Kaa, mwanangu, bado." Nikasema mvua inakuja. Ilikuwa inakuja kweli, lakini hata lingekuwa jua kali nisingekaa.

Jumapili, 18 Januari

Ibada. Nimeambiwa kwaya iliimba vizuri. Mbele yangu walikaa watu wa Bondeni, benchi zima. Niliangalia visogo vyao tangu mwanzo mpaka baraka. Naona aibu. Miaka thelathini na moja nimesimama mbele ya watoto wao nikisema "wote wakapona".

Jumatano, 21 Januari

Nimepanda tena, nikaingia kwa pengo la mashariki, nikageuka kutazama nje. Sijawahi kufanya hivyo. Siku zote nimelitazama pengo kwa kamba na daftari. Ukisimama pale unaiona njia yote kutoka bondeni. Yote. Mtu akianza kupanda unamwona, unaweza hata kumtambua kwa mwendo. Kwa hiyo waliwaona. Waliwatambua mmoja mmoja. Gogo likawekwa hata hivyo.

Jiwe kubwa la upande wa kushoto lina tundu la kushikia gogo. Nimetia ngumi yangu ndani. Limelainika kama chungu cha zamani.

Mchana kwa Kaka Yoram. Miguu imevimba zaidi, pumzi fupi, anakaa barazani na blanketi. Nimemweleza yote. Nilidhani atashtuka. Akasema, "Mdogo wangu, hilo kila mtu analijua. Wewe ulikuwa shuleni." Nikakasirika. Nikamwambia kama kila mtu analijua, basi kila mtu ni mnafiki. Nitalisema hadharani, na nitaomba radhi. Akavuta blanketi mpaka kifuani. "Lile neno lina nguo zake, Tabitha. Usilivalishe tai."

Sikumwelewa. Nimeandika kurasa mbili jioni hii.

Jumamosi, 24 Januari

Mkutano wa kijiji. Nimesoma. Sauti haikutetemeka. Nimesema wazi kwamba wazee wetu waliwafungia mlango wenzao, na kwamba kwa niaba ya ukoo wa Mlimani nawaomba radhi watu wa Bondeni. Nikainamisha kichwa.

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyekohoa. Ezekia akasimama, akavua kofia. "Tumekusikia, Mwalimu. Ahsante." Akaketi. Baada ya hapo wakajadili daraja la mto.

Heshima kubwa. Nimejipa alama tisa kwa kumi.

Jumanne, 27 Januari

Ezekia ananizidi miaka miwili. Leo njiani amenipa shikamoo.

Nikamwambia aache upuuzi, avae shati. Alikuwa amevaa shati. Akasema, "Siku njema, Mwalimu," akapisha njia mpaka akaingia kwenye nyasi ndefu.

Ijumaa, 30 Januari

Wake wa Bondeni walikuwa kisimani. Jina limebaki kisima, lakini ni chemchemi ya bondeni ya tangu zamani, wameijengea saruji tu. Zamani wangeniambia ndoo yangu inavuja kama mdomo wangu. Leo wamenitekea maji. Wamenitwika. Wamesema pole na kazi. Nimerudi nyumbani nalia, na sijui kwa nini nalia kwa sababu ya adabu.

Kwenye zile tisa napunguza alama. Mbili.

Ijumaa, 6 Februari

Kaka Yoram amelazwa hospitali ya Vwawa tangu juzi. Nimekaa naye toka asubuhi. Anaongea kidogo kidogo. Ameuliza Ezekia amesema nini habari yake. Nimemwambia Ezekia amesema jeneza la mtu mwenye tumbo kama lake litahitaji ng'ombe wa kulivuta. Uongo mtupu. Ezekia hajasema kitu. Yoram akacheka mpaka muuguzi akaja kutukemea.

Halafu akanishika mkono. Kasema anataka jambo moja tu. Azikwe na watani. "Wageni wasinizike. Mimi sina mgeni kijijini pale."

Nimeahidi.

Jumapili, 8 Februari

Kaka Yoram amefariki. Saa nne asubuhi.

Jumanne, 10 Februari

Tumemzika.

Watu wa Bondeni walikuja mapema. Nguo safi, zilizopigwa pasi. Walipanga foleni, wakatupa mkono mmoja mmoja. Poleni. Poleni kwa msiba. Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Wakaketi chini ya turubai kama watu wa kijiji cha mbali.

Koti la Yoram nilikuwa nimelipangusa tangu alfajiri na kulitundika msumarini nje, mahali pa kuonekana, ili mmoja wao alichukue alivae. Lilikaa pale siku nzima. Mjukuu wetu akaliingiza ndani mvua ilipoanza.

Kaburi wamechimba vijana wetu. Wamekutana na jiwe, wakachelewa. Bondeni walikaa wametulia, mikono mapajani, wakisubiri kama wageni wanavyosubiri. Hawakufanya ubaya wowote. Ningepata mtu wa kumlaumu ningeshukuru.

Jeneza lilipotoka nilikuwa nimesimama kwenye mlango. Mlango ulikuwa wazi. Ulikuwa wazi tangu asubuhi, hapakuwa na wa kumfungia. Ezekia alitupa udongo kiganja kimoja, akarudi nyuma.

Nilimwahidi. Nimeshindwa.

Ijumaa, 13 Februari

Nimekwenda kwa Bibi Yunis. Sasa halali wala haketi, yupo katikati, kwenye mito. Nikapiga magoti, nikaanza kuomba radhi kwa ile radhi ya kwanza. Akanipiga fimbo begani. Haikuuma, lakini alikusudia iume.

Akasema, "Nani amekufundisha kumwomba radhi mtani? Umetufungia mlango mara ya pili." Akasema nikae. Nikakaa. Hii ndiyo nusu ambayo sikuisubiri.

Wavamizi walipoondoka, wa juu wakabaki na kiu. Ndani ya Ilinga hapakuwa na maji. Maji yako chini, kwenye chemchemi. Siku ya tatu wakateremka na mitungi. Watu wa Bondeni waliosalia walikuwa wamesharudi kutoka porini, wachache, nao walikuwa wameketi njiani mbele ya chemchemi. Wa juu hawakuwa na namna. Wakasema, tumefika. Na wale waliofiwa watoto wakawajibu, mmechelewa.

Halafu mwanamke mmoja wa Bondeni akacheka. Bibi Yunis anasema hakuna anayejua alicheka nini. Labda kilichobaki kilikuwa kucheka au kuchinjana. Akacheka, mwingine akacheka, wa juu nao wakacheka huku wanalia. Wakapishwa. Wakateka.

"Tangu hapo hatuombani radhi," kasema Bibi. "Tungeanza kuombana radhi tusingemaliza."

Nikamuuliza sasa nifanye nini. Alikuwa ameshasinzia. Au alijifanya.

Alhamisi, 26 Februari

Tunduma. Fundi wa mabango yupo Chapwa, nyuma ya maegesho ya malori. Bati la kibao ameshalipaka rangi nyeupe, linangoja. Kijana wa upande wa Zambia, ananiita mayo, yaani mama kwa lugha ya kwao. "Mayo, maneno yako wapi?" Nilikuwa nayo mkobani. Aina tatu. Ya kwanza inasema wote walipona. Ya pili inasema tuliwafungia. Ya tatu ina habari yote lakini ni maneno mia mbili na kitu. Sikutoa hata moja. Nimemwambia nitarudi.

Njiani nimefikiri hivi. Kwenye karatasi habari ile inakuwa kesi. Kuna mshtakiwa na kuna mlalamikaji, na mimi nimejifanya hakimu. Mlangoni pa msiba ilikuwa kitu kingine kabisa. Nimesoma chuo miaka miwili, na Bibi Yunis hajui kusoma.

Jumatano, 4 Machi

Bibi Yunis amefariki alfajiri. Kijana wao ameleta taarifa kwa adabu, kasimama nje ya ua, hakuingia.

Kesho mazishi. Kwa desturi ni zamu yetu kwenda kama watani. Yoram hayupo. Mkubwa wa Mlimani sasa ni mimi. Nimekwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia wetu waje. Wengi wamesema, Mwalimu, tutakwenda kuwapa pole tu, hali siyo ile ya zamani. Nimepata watu tisa.

Naogopa. Siogopi maiti wala mvua. Naogopa kuambiwa karibu.

Alhamisi, 5 Machi

Niandike yote kabla sijaanza kuyanyoosha.

Kitenge cha Bibi Yunis kilikuwa kwenye kamba, uani kwao. Sikuomba. Nikakivuta, nikajifunga kifuani, nikaokota fimbo, nikakunja mgongo. Watu tisa nyuma yangu wanaona haya kuliko mimi. Nikaingia uani kwa mwendo wake, goti la kulia halikunjiki. Nikaanza kufoka kama yeye. Nani kapika maharage haya? Hii chumvi ya dukani haina chumvi, nileteeni ya Ivuna! Nyie wajukuu wavivu, mnalia nini, nani kafa?

Chini ya turubai hakuna aliyejitikisa. Mtoto mmoja akacheka, akazibwa mdomo. Mchungaji akatazama viatu vyake. Nilijisikia kichaa. Nikaendelea. Hatua ishirini na sita kutoka uani mpaka mlangoni, na goti lile bandia likaanza kuuma kweli.

Ezekia alikuwa amesimama mlangoni, koti jeusi, macho mekundu. Akanitazama mimi, akakitazama kitenge cha mama yake. Nikasema, "Tumefika." Sauti ilitoka kama ya kuita majina ya darasa.

Nikaona mdomo unafunguka. Nikajua linakuja lile neno, karibu Mwalimu, na kwamba likishatoka nitaishi kijijini hapa kama mgeni mpaka nife.

Mlango ukabamizwa. Uliikosa pua yangu kidogo tu. Nikasikia komeo. Nikasikia sauti yake ndani, imepasuka, "Mmechelewa!"

Nikalia. Nilianza kile kilio cha uongo, ndivyo inavyotakiwa, nikagonga kwa fimbo. Wale tisa nao wakaja, wakagonga. Halafu mvua ikaanguka, ile ya Machi, nzito. Ndani wanacheka, nje tunalowa. Wakatuacha. Muda ukapita, nikafikiri sasa watafungua. Hawakufungua. Nikaweka paji la uso kwenye mbao. Hapo nikaacha kucheza. Nilikuwa na mlango mbele yangu na watu ninaowajua nyuma yake, nazitambua sauti zao zote, na hawafungui. Sijawahi kusoma jambo likaniingia kama lile. Kilio hakikuwa tena cha uongo, na kwa kishindo kilichokuwa ndani nadhani hata wao hawakuwa wanacheka tu.

Walipofungua, Ezekia alikuwa kajifuta uso vibaya. Akasema, "Nani amemleta huyu kuku aliyelowa? Vua nguo ya mama yangu, mwizi wewe, ukachimbe." Nikachimba. Nimepiga jembe mara sita, wakaninyang'anya. Wamesema nachimba kama naandika ubaoni.

Bibi Yunis amezikwa na watani. Saa kumi na moja jioni.

Jumatano, 11 Machi

Mafua makali tangu Ijumaa. Nimestahili.

Nimempelekea fundi maneno. Hayafiki hamsini. Ilinga. Boma la kale la mawe na udongo. Waliolijenga hawajulikani. Mlango ulikuwa mashariki. Ndani hapakuwa na maji, chemchemi iko bondeni. Habari ya mlango na ya chemchemi ni ya watu wa kijiji hiki. Waulize wenyewe.

Afisa utamaduni amepiga simu kusema hayatoshelezi, mgeni atataka kujua zaidi. Nimemwambia basi huyo mgeni atakuja kijijini. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu aliyechoka na wazee.

Jumapili, 15 Machi

Baada ya ibada nimekwenda kwenye kaburi la Yoram. Mvua imeotesha magugu haraka. Nimeinama kuyang'oa, nikasikia watu. Ezekia na wenzake wanne wa Bondeni, majembe mabegani. Hawakuimba. Ezekia alikuwa amevaa koti la Yoram. Sijui alilipata wapi, nadhani mjukuu wetu ameibiwa. Linambana mabegani.

Alisimama miguuni pa kaburi, akaegemea jembe. Akasema, "Yoram. Tumefika."

Halafu akaningoja mimi.

Ilikuwa mwezi na siku tano tangu tumzike. Nilikuwa na magugu mkononi. Nikasema, "Mmechelewa." Nilisema taratibu, maana safari hii ilikuwa kweli.

Ezekia akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyecheka na hakuna aliyelia. Wakashusha majembe, wakaanza kuinua udongo wa kaburi uliotitia, upande wa chini. Mimi nikaendelea na magugu upande wa juu. Tumemaliza kwenye saa saba.